Chai ya mboji: mwaka mzima wa kuipika Bumbwini, niliyoyaona na niliyoyaacha

#1 Mboga za Bumbwini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu niliuahidi zamani. Kila nikipita kwenye mazungumzo ya kilimo nakuta mtu anashauriwa "pika chai ya mboji, mwagilia, yurea uisahau". Mimi chai hii, yaani maji yaliyolowekewa mboji na kupulizwa hewa, nimeipika mwaka mzima, masika, kipupwe, vuli na kaskazi, na nasema mapema kabla watu hawajanunua mapipa: chai ya mboji si chakula cha mmea. Ardhi yenye njaa ukiinywesha chai peke yake, itabaki na njaa yake. Chai ina kazi, nitaieleza, lakini kazi hiyo ni ndogo kuliko tunavyoambizana.

Kishamba changu hapa Bumbwini, Unguja, ni kichanga kitupu. Waliolima kichanga wananielewa: unamwagilia asubuhi, adhuhuri ukitia kidole pakavu. Ukitia mbolea ya dukani, mvua moja ya masika inateremka nayo kusikofika mzizi. Ndiyo maana niliposikia habari ya kurudisha viumbe hai kwenye ardhi kwa njia ya maji, niliishika kwa mikono miwili.

Ninavyofanya ni hivi. Ndoo ya lita 20, nyeupe, iliyosafishwa. Maji lita 15 ya mvua niliyokinga paani. Kama ni ya bomba nayaacha wazi kuanzia jioni mpaka jioni ya pili, dawa ya klorini itoke, kwa sababu klorini imewekwa kuua vijidudu na haichagui wabaya na wazuri. Mboji iliyoiva kilo moja na nusu, ile ambayo ukiikamata hujui tena lipi lilikuwa jani na lipi lilikuwa samadi, na inanukia kama ardhi ya msituni baada ya mvua. Naitia ndani ya kifumbu kikuukuu cha kuchujia tui, nakifunga mdomo, nakitumbukiza. Molasi, ile asali nyeusi ya miwa, vijiko viwili vya chakula, basi. Halafu pampu ndogo ya hewa, zile za tangi la samaki wa mapambo, na kijiwe chake chenye vitundu kinakaa chini kabisa ya ndoo ili mapovu yapande kutoka chini.

Kifumbu hicho hakirudi jikoni tena. Na tafadhalini, msichujie chandarua cha zamani. Vyandarua tunavyogaiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na utakuwa unafuga viumbe kwenye ndoo huku unawatilia sumu.

Muda ndiyo kosa langu la mwanzo. Maelekezo mengi yanayozunguka yametoka nchi za baridi, wanasema saa 36, wengine 48. Sasa maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanashika kama saba na nusu tu. Ndoo yangu mwezi wa pili, kaskazi imesimama, ni ya vuguvugu hata kivulini. Viumbe wanazaliana mbio na hewa ni chache. Kwa hiyo mimi naishia saa 24, na siku za joto kali 18. Nikizima pampu naitumia ndani ya saa nne. Chai ya jana haifai leo.

Mara moja umeme ulikatika usiku wa manane nami nimelala. Asubuhi nakwenda kuitazama, harufu ya yai viza imenipokea mlangoni. Wale wanaohitaji hewa walikuwa wameshakufa, wakashika nafasi wasioihitaji. Niliimwaga juu ya biwi la mboji na ndoo nikaisugua kwa jua na maji ya moto. Usimwagie mmea kitu kinachonuka hivyo kwa sababu tu umekitolea jasho.

Sasa jaribio. Matuta manne ya mchicha, mbegu moja, siku moja. Mawili nilichanganya mboji ardhini, karai tatu kila tuta. Mawili sikutia kitu. Halafu katika kila jozi, moja nikalipa chai kila wiki na jengine maji matupu. Tuta lisilo na mboji lililopewa chai lilikuwa jembamba na la njano, sawasawa na mwenzake wa maji matupu. Matuta yenye mboji yalisimama yote mawili. Lile lenye mboji na chai niliona kama limetangulia kidogo, lakini nilipowaita majirani wawili bila kuwaambia lipi ni lipi, mmoja alichagua hili na mwengine lile.

Hesabu inaeleza kwa nini. Kilo moja na nusu ya mboji, nusu yake ni unyevu. Zinabaki gramu 750 kavu. Mboji nzuri ina naitrojeni, chakula kikuu cha mmea, kama asilimia moja mpaka mbili, tuseme moja na nusu: ni gramu 11. Na hizo 11 nyingi zimefungwa ndani ya mboji yenyewe, haziyeyuki kwa siku moja. Yurea ina asilimia 46, kwa hiyo gramu 11 zote hizo ni sawa na gramu 24 za yurea, kiganja kisichojaa. Ndiyo hiyo umeigawa kwenye ndoo nzima na bado nyingi imebaki kwenye kifumbu. Mabaki ya kifumbu yarudisheni tutani, humo ndimo chakula kilimo.

Karibuni, ulizeni.

#2 Kijana wa Fuoni

Shukran dada. Mimi sina pampu na umeme wa kwetu ndiyo huo huo. Nikikoroga kwa fimbo je? Nna viroba vya mchicha na pilipili uwani tu.

#3 Mama Jambiani

Waalaykum salaam mwanangu. Nimesoma yote, Mungu akuzidishie. Mimi niko Jambiani, nimepanda tungule (nyanya) nyuma ya nyumba, zimegeuka njano. Mjukuu wangu kaniambia nizipe hiyo chai. Sasa we unasema haifai. Nifanyeje?

#4 Sungura Ishirini

Huo mboji wote wa nini? Mkojo wa sungura. Nakinga kwenye dumu chini ya banda, nachanganya lita moja kwa maji lita kumi, namwagilia. Mchicha unapanda mpaka unaogopa.

#5 Mboga za Bumbwini

@Kijana wa Fuoni, kwa viroba vya uwani usijitese. Loweka mboji kwa maji jioni, koroga kwa nguvu mara kadhaa, asubuhi mwagilia chini ya mmea pamoja na makapi. Usitie molasi. Hii ni ya kuloweka tu. Kinachoyeyuka kinapatikana, na haikupi nafasi ya kufuga wadudu wabaya. Fimbo haiwezi kufanya kazi ya pampu kwa usiku mzima, na ukitia sukari bila hewa unaalika uozo.

@Mama Jambiani, shikamoo mama. Kabla ya kutia kitu chochote naomba unitizamie jambo moja. Njano imeanza majani yepi: yale ya chini ya zamani, au yale machanga ya juu? Na je, jani lote ni njano, au mishipa imebaki kijani na katikati ndipo pamepauka? Nijibu hilo kwanza.

@Sungura Ishirini, sikukatalii kaka. Mkojo ni mbolea ya kweli, una naitrojeni nyingi iliyo tayari, na ndiyo maana unaona matokeo wiki ileile. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka watu waijue: ule ni chakula, chai ni kitu chengine. Ila dumu lako lifunike vizuri. Ile harufu inayochoma pua ni amonia, yaani naitrojeni yenyewe inaruka. Na kipindi cha ukame zidisha maji, una chumvi.

#6 Abu Mchicha

Kuna swali watu wanaona haya kuliuliza, mimi nauliza. Mkojo ni najisi. Mboga hiyo nikiipika nikamlisha mtu, hali yake ikoje? Mke wangu kakataa katakata kuuchuma mchicha niliomwagilia mkojo wa sungura.

#7 Maalim wa Makunduchi

Ami, tulivyosomeshwa sisi chuoni kwa madhehebu yetu ya Shafii, mmea uliooteshwa kwa samadi au najisi nyengine ni tohara, kwa sababu kile kilichoingia mzizini kimegeuka. Kilichogusa jani kwa nje ndicho kinachooshwa. Babu zetu walitia samadi ya ng'ombe mashambani na hakuna aliyeacha muhogo wake. Lakini mke wako ana haki ya moyo wake. Mwagilia chini ya shina, si juu ya majani, wacha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuchuma, osha kwa maji yanayotiririka. Na ukitaka utulivu zaidi muulize sheikh wako wa mtaani, anakujua.

#8 Abu Mchicha

Jazakallah khayr maalim. Nitamsomea hii.

#9 Mtambwe Juu

Salaam kutoka Pemba. Kwetu kitu kilichojaa ni makonyo (vikonyo vya karafuu) na majani ya mkarafuu. Msimu ukimalizika makonyo mengine hayafiki kuuzwa, yananyeshewa yanaharibika. Niliyatia kwenye pipa la maji nipate mbolea ya maji, wiki tatu sasa. Hayaozi! Maji yamekuwa mekundu kama chai kweli na yananukia karafuu. Nimemwagilia miche ya bilingani, kama imedumaa. Nini hichi?

#10 Mboga za Bumbwini

@Mtambwe Juu, kaka wacha kumwagilia, leo hii. Hayaozi kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na ya makonyo pia, ni eujenoli, na eujenoli inaua bakteria na kuvu. Ndiyo ile mtu anayoweka kwenye jino bovu. Umepika dawa ya kuua viumbe, halafu unatarajia viumbe wakuozeshee. Maji hayo yamwage njiani, si kwenye miche.

Makonyo yanafaa, ila njia yake ni ndefu. Yatandaze nje yanyeshewe na mvua na yapigwe jua, halafu yaingie kwenye biwi kidogokidogo, beleshi moja la makonyo kwa mabeleshi mengi ya majani mengine na samadi. Na kama unaweza kupata yale yaliyokwisha kukamuliwa mafuta kwa mvuke, kama yanayotoka kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya karafuu cha Wawi, hukohuko Pemba, hayo mafuta yake yameshatolewa sehemu kubwa, ni mepesi zaidi kuoza. Bado ni magumu kama vijiti, yape miezi.

#11 Mtambwe Juu

Ahsante sana. Miche niinyweshe maji matupu?

#12 Mboga za Bumbwini

Maji matupu, mengi, mara mbili tatu ili yasukume chini. Kisha iwache ipumue.

#13 Nasoma Udongo

Dada nimefurahi kuona jaribio lenye tuta la maji matupu. Watu wengi wanamwagilia shamba zima halafu wanasema "limependeza", wakati mvua imenyesha wiki ileile.

Niongeze upande wa utafiti. Aliyeieneza sana chai hii ya kupulizwa hewa ni Elaine Ingham, mtaalamu wa viumbe vya udongo wa Marekani. Hoja yake ni kwamba ukirudisha viumbe, mmea unapata chakula kutoka kwenye udongo wenyewe na majani yanakingwa na maradhi. Kwa upande wa pili Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington amekuwa akiandika miaka mingi kwamba ushahidi wa kukinga maradhi haujasimama. Majaribio yenyewe hayaelewani. Pengine imepunguza ubwiri, ule ukungu wa kwenye majani, pengine haikufanya lolote, na mara nyengine ile iliyolowekwa bila hewa imefanya vizuri kuliko iliyopulizwa. Sababu moja ni kuwa mboji ya huyu si mboji ya yule.

Mimi nisingeitegemea kwa bakajani ya tungule wakati wa masika.

Jambo la pili ni usalama, na hapa naomba watu wasome taratibu. Ile molasi ndiyo yenye hatari. Mwaka 2004 kikosi kazi cha Bodi ya Taifa ya Viwango vya Kilimo Hai ya Marekani kilitoa ripoti ya chai ya mboji, na wasiwasi mkubwa ulikuwa kwenye kutia sukari: kama mboji ina vijidudu vya kinyesi, hata vichache, kama E. koli na salmonela, sukari inavilisha navyo vinazaliana pamoja na wazuri. Hewa peke yake haivizuii. Kinachovizuia ni mboji yenyewe kuwa imepata moto: biwi lifike nyuzi 55 au zaidi, na kwa biwi la nje kanuni zao zinataka likae hivyo siku 15 na kugeuzwa si chini ya mara tano, ili ya nje iingie ndani nayo ipate moto. Ukichomeka chuma katikati ya biwi kikakaa dakika kadhaa, ukikitoa usiweze kukishikilia mkononi, hapo ndipo pa kuanzia. Anayepika chai kwa samadi mbichi, hiyo si chai ya mboji, ni maji ya mavi, tuseme ukweli.

#14 Muuza Saladi

Hii imenigusa. Mimi napeleka saladi na mrehani hoteli za Nungwi. Mwaka wa pili huu nanyunyizia maji ya samadi kwa bomba la mgongoni, juu ya majani, mpaka siku mbili kabla ya kuvuna. Hakuna aliyelalamika.

#15 Nasoma Udongo

Ndugu yangu wacha. Saladi inaliwa mbichi, na jani la saladi lina mikunjo, maji yanakaa humo. Kanuni ya kilimo hai ya Marekani kwa samadi mbichi ni siku 120 kabla ya kuvuna kwa zao ambalo sehemu inayoliwa inagusana na udongo, na siku 90 kwa lisilogusana. Saladi yako kutoka kitalu mpaka kuvuna haifiki hata hizo 90. Maana yake samadi mbichi haina nafasi kwenye saladi kabisa. Na mtu anayeumwa tumbo hotelini hawezi kujua limetoka kwako, kwa hiyo kutolalamikiwa si dalili.

#16 Mboga za Bumbwini

Nakubaliana naye neno kwa neno. Mimi mwenyewe mwanzo nilikuwa nanyunyizia majani. Nimeacha kwa kila kinacholiwa kibichi: saladi, mrehani, matango, kotmiri. Chai yangu yote inakwenda chini, kwenye udongo. Kaka, samadi yako iiozeshe kwanza kwa moto, uitie tutani kabla ya kupanda, juu ya majani yapite maji safi tu.

#17 Muuza Saladi

Nimeelewa. Tuta lililopo sasa nitaling'oa, sitalipeleka.

#18 Mboga za Bumbwini

Allah akulipe kheri kwa hilo, najua ni hasara.

Sasa nirudi kwenye mbolea za maji zenye chakula kweli, maana wengi wameniuliza pembeni. Nimejaribu tatu.

Ya kwanza ni ya majani. Pipa, jaza majani mabichi laini mpaka nusu, tia maji, funika kwa kitambaa, koroga kila siku ya pili. Wiki mbili. Inanuka, iweke mbali na dirisha la jirani. Natumia glirisidia kwa sababu nimeipanda uzio, na majani ya jamii ya kunde yana naitrojeni nyingi. Mwenye alizeti pori karibu yake ana bahati zaidi. Watafiti wa magharibi ya Kenya walilipima jani lake kavu wakakuta naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu kama 4.1. Fanyeni hesabu: kilo 10 za majani mabichi, ukitoa maji zinabaki kama kilo mbili, humo kuna gramu 70 za naitrojeni. Ilinganishe na zile 11 za ndoo ya chai. Na jani bichi linaachia chakula chake upesi, mboji haiachii. Nachanganya kopo moja kwa makopo matano ya maji, chini ya shina. Mwarobaini sitii kwenye pipa hili, huo naupa pipa lake kwa ajili ya wadudu.

Ya pili ni ya matumbo ya samaki. Tunaoishi pwani tunayatupa, kunguru ndio wanaofaidi. Kilo moja ya matumbo na vichwa, kilo moja ya molasi (anayefuga ng'ombe hakosi kujua inapopatikana, na kiwanda cha sukari cha Mahonda wanasaga miwa), kwenye dumu lenye mfuniko usiokazwa ili gesi itoke. Ukikaza dumu linapasuka, sisemi zaidi. Baada ya mwezi na zaidi linakuwa giligili kahawia, harufu imepungua. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10 za maji, usizidishe. Ina naitrojeni na fosforasi. Ubaya wake ni paka. Tuta lolote ulilolimwagilia, usiku paka wanalichimbua, kwa hiyo miche midogo naifunikia makuti mpaka harufu iondoke.

Ya tatu ni mwani, na hapa naomba tusikilizane, kwa sababu kinamama wa kusini wanalima mwani tangu 1989 na mwingine unakatika unabaki ufukweni bure. Mwani si mbolea ya naitrojeni. Una potasiamu, una madini madogomadogo, na una homoni za ukuaji kama sitokinini. India wanaukamua mwani mbichi wa aina iitwayo kotonii, maji yake wanayauza kwa wakulima kunyunyizia mazao. Ni msaada wa kusukuma mizizi na maua, si wa kutibu njano ya njaa. Na una chumvi! Usiuchukue ufukweni ukautia pipani moja kwa moja. Usuuze kwa maji ya mvua mara mbili tatu. Minazi itavumilia, maharage hayavumilii chumvi hata kidogo. Nalowekea wiki tatu, nachanganya kopo moja kwa makopo kumi na zaidi.

#19 Kijana wa Fuoni

Dada na potasiamu ya majivu je? Jikoni kwetu tunatumia kuni.

#20 Mboga za Bumbwini

Majivu yana potasiamu na chokaa pia. Kwenye kichanga chenye asidi kiganja kimoja kwa kiroba kinatosha. Kwenye ardhi ya maweweni, yaani ya mawe ya matumbawe, usithubutu, chokaa iliyopo inatosha kuitesa mimea. Na usiyachanganye na mkojo wala samadi mbichi, yatairusha amonia yote.

#21 Mama Jambiani

Mwanangu nimetizama kama ulivyosema. Ni yale machanga ya juu. Mishipa ya kijani, katikati njano, mengine karibu meupe. Ya chini yako kijani. Nyumba yangu iko juu ya mawe, udongo ni wa kwenye mashimo tu. Namwagilia maji ya kisima, na sufuria nikichemshia maji hayo inafanya magamba meupe.

#22 Mboga za Bumbwini

Mama umenifanyia kazi yangu yote, umetazama vizuri kuliko wengi.

Njaa ya naitrojeni inaanza chini, kwa sababu mmea unaivua kutoka majani ya zamani kuwapa wachanga. Chuma haukihamishi. Kikikosekana, majani ya chini yanabaki na chao, machanga ndiyo yanayozaliwa njano na mishipa ya kijani. Tungule zako zina njaa ya chuma. Na chuma kipo ardhini mwako, tele, ndicho kinachoutia ule udongo wa mashimoni wekundu wake. Tatizo ni chokaa ya mawe ya matumbawe. Udongo ukiwa na chokaa nyingi, chuma kinafungika, hakiyeyuki, mzizi unakigusa bila kuweza kukila. Yale magamba ya sufuria ni chokaa hiyohiyo, kwa hiyo kila ukimwagilia unaongeza. Ukizidisha maji mizizi inakosa hewa na hali inakuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo chai, hata mkojo wa sungura wa kaka hapo juu, usingekuponya. Majivu yangekuongezea maradhi.

Fanya hivi mama. Hizi zilizopo, fukua kidogo pembeni ya kila shina bila kukata mizizi mikubwa, tia mboji iliyoiva karai nusu, funika kwa majani makavu au makumbi. Mboji inapooza inatoa asidi hafifu na vitu vinavyokikamata chuma kikabaki katika hali ya kuliwa. Maji, kinga ya mvua kila unapoweza, hata ndoo mbili tatu. Mwagilia kwa kadiri. Na upandaji ujao chimba mashimo mapana kadiri jiwe linavyokuruhusu, jaza nusu mboji nusu udongo, ndipo upande.

Majani yaliyokwisha pauka usiyatarajie. Tizama yale yatakayozaliwa baada ya hapo.

#23 Nasoma Udongo

Sahihi kabisa. Akiwa na haraka kuna chuma cha dukani kilichotengenezwa mahsusi kisifungwe na chokaa, ila ni ghali na mboji bado itahitajika.

#24 Mama Jambiani

Mboji sina. Nna majani ya mfenesi, samadi ya mbuzi watatu na mwani uliokatika. Utachukua muda gani kuiva?

#25 Mboga za Bumbwini

Vinatosha hivyo mama. Tabaka la majani makavu, tabaka la samadi, mwani uliosuuzwa kidogo tu, unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, urefu wake ukufike kiunoni ili lishike moto. Geuza kila siku tatu kwa wiki mbili za mwanzo, baadaye mara moja kwa wiki. Kwa joto letu miezi miwili mpaka mitatu. Majani ya mfenesi ni magumu, yakatekate kwa panga kwanza. Kwa hizi tungule za sasa omba karai mbili kwa jirani mwenye biwi.

#26 Sungura Ishirini

Mama niko Paje, nna mboji ya banda la sungura, imekaa tangu kusi. Mjukuu wako aje na baiskeli Ijumaa baada ya sala, nitampa viroba viwili.

#27 Mama Jambiani

Assalaam alaykum. Ni wiki ya tano sasa. Viroba vilifika, Mungu amuweke kijana yule. Mashina tisa niliyatia mboji kama nilivyoelekezwa, matatu sikutia kwa kuwa haikutosha. Ya maji nimekinga kwenye mapipa mawili, vuli imeanza. Majani yaliyokuwa njano yako vilevile, mengine yamekauka. Lakini ncha za yale tisa zimetoka kijani, na mashina manne yana maua. Yale matatu bado meupe juu. Biwi langu nimelijenga, jana mjukuu kachomeka nondo katikati, alipoitoa kaitupa chini kwa moto.